Kubandika na Kubandua Historia

Nilipokuwa nasoma shahada ya uzamivu mjini Hamburg, nilipanga chumba katika nyumba ya mwalimu mstaafu wa fizikia. Nilimwita Mzee, neno alilolipenda sana baada ya kuelezwa maana yake. Yeye aliniita Bwana Daktari miaka mitatu kabla sijawa daktari, na hadi leo sijui kama ilikuwa heshima au utani. Karibu na dirisha la sebule alikuwa na meza ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Juu yake aliunda ndege za kivita za plastiki, zilizopunguzwa kwa kipimo cha 1 kwa 72.

Jioni moja alinionyesha ndege mbili alizokuwa amezimaliza kuzipaka rangi. Moja ilikuwa Lancaster ya Uingereza, ndege ya aina iliyoshiriki kuuteketeza mji wake kwa mabomu mwezi Julai mwaka 1943, yeye akiwa kichanga. Nyingine ilikuwa Messerschmitt Bf 109, ndege ya Wajerumani iliyopaswa kuulinda mji huo. Lancaster ilikuja dukani na alama zake zote: duara za rangi za Uingereza, herufi za kikosi, hata namba ya ndege yenyewe. Messerschmitt ilikuja na misalaba ya mabawani na namba, lakini mkia wake ulikuwa mtupu. Kila mtu anajua kilichokuwa kwenye mkia ule kati ya mwaka 1939 na 1945. Hata picha ya ndege hiyo juu ya boksi ilikuwa imefutwa sehemu hiyo.

Mzee akafungua droo, akatoa bahasha iliyotoka nje ya nchi. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya stika. Kwa kisu kikali alikata kipande kidogo kuliko ukucha, akakilowesha katika maji ya vuguvugu, akasubiri, kisha akakitelezesha kwa ncha ya brashi hadi mkiani. Swastika ikakaa mahali ilipokuwa. Akachukua kadi, akaandika kwa kalamu ya wino ndege ile ilikuwa ya kikosi gani, iliruka wapi, na ilitumikia utawala gani. Akaiweka kadi mbele ya ndege.

Msomaji wangu anaweza kuuliza, mhadhiri wa Kitanzania anayeandika kila wiki kuhusu katiba, ajira na bajeti ana haja gani na vitu vya kuchezea vya wazee wa Ulaya? Naomba uvumilivu. Ndani ya kipande kile kidogo kuliko ukucha mna swali ambalo sisi wenyewe hatujalijibu: jamii ifanye nini na alama za historia inayoiumiza?

Kwanza tuielewe kazi ya stika hizi. Modeli ya plastiki huuzwa kama seti ya vipande, na vipande hivyo ni vilevile kwa kila mnunuzi. Ndege ya MiG-21 ikiwa bado haijawekwa alama haina taifa. Inaweza kuwa ya India, ya Misri, ya Vietnam, ya Finland au ya Uganda, kwa kuwa nchi zote hizo ziliirusha. Stika ndiyo inayoamua. Inasema ndege hii ilikuwa ya nani, mwaka gani, katika vita vipi, na mara nyingine hata rubani alikuwa nani. Kwa kuwa mtengenezaji wa seti hawezi kuchapa alama za nchi zote na vikosi vyote, imezuka biashara ya pembeni ya wachapaji wadogo, katika nchi kama Uingereza, Jamhuri ya Czech na Marekani, ambao huuza karatasi za stika peke yake. Wengi wao ni wapenzi wa historia wanaochimbua picha za zamani na kumbukumbu za vikosi ili wajue, kwa mfano, herufi fulani ilikuwa nyeupe au ya njano. Usiwadharau. Baadhi yao hufanya utafiti kwa nidhamu ambayo ningependa kuiona katika tasnifu nyingi ninazosahihisha.

Biashara hiyo ndiyo iliyouziba mkia mtupu wa Messerschmitt. Kifungu cha 86a cha Kanuni ya Adhabu ya Ujerumani kinakataza kutumia hadharani au kusambaza alama za vyama na jumuiya zilizopigwa marufuku kwa kupinga katiba, na adhabu yake ni faini au kifungo kisichozidi miaka mitatu. Kampuni inayotaka kuuza modeli zake katika soko la Ujerumani haina sababu ya kujitafutia kesi, kwa hiyo huacha swastika nje ya stika na nje ya picha ya boksi. Baadhi ya watengenezaji wamebuni hila: huchapa alama hiyo ikiwa imekatwa vipande viwili ambavyo kila kimoja peke yake hakina maana, kisha mnunuzi akitaka huviunganisha mwenyewe nyumbani kwake.

Sheria hiyo si ya kipumbavu, na sitaki msomaji adhani ninaibeza. Taifa lililoua mamilioni ya watu chini ya alama fulani lina haki ya kusema kwamba alama hiyo haitapeperushwa tena barabarani. Aliyenusurika kambini hapaswi kukutana nayo njiani akienda kununua mkate. Tena sheria yenyewe haikukusudia kufuta historia. Imeweka wazi kwamba katazo halihusu elimu ya uraia, sanaa, sayansi, utafiti, ufundishaji na utoaji wa habari za matukio ya sasa au ya zamani. Ndiyo maana swastika zimo katika vitabu vya shule na katika majumba ya makumbusho ya Ujerumani. Mwaka 2018 hata chombo kinachopanga madaraja ya michezo ya kompyuta nchini humo kilianza kuiangalia michezo yenye alama hizo mmoja mmoja, badala ya kuikataa yote kwa pamoja.

Tatizo basi linaanza pale woga wa biashara unapochukua nafasi ya busara ya sheria. Sheria inasema: msiitukuze alama hii, bali ifundisheni. Boksi la modeli halitukuzi wala halifundishi. Linanyamaza. Mtoto wa miaka kumi na miwili anayepewa seti ile siku ya kuzaliwa anapata ndege nzuri, yenye umbo la kuvutia na rangi za kuvutia, isiyo na hatia yoyote. Ndege ya utawala wa Hitler inageuka kuwa ndege tu. Mkia mtupu haumkingi mtoto huyo dhidi ya itikadi. Unachomkinga nacho ni swali ambalo angemuuliza baba yake.

Upande wa pili nao una hatari yake. Wapo wanaosema kwamba ukweli wa kihistoria unatosha: alama ilikuwepo, basi ibandikwe, na mjadala ufungwe. Lakini alama ikibandikwa bila maelezo haijawa ukweli bado. Finland inatupa mfano. Mwezi Machi mwaka 1918, Msweden mmoja wa ukoo wa kitajiri, Eric von Rosen, aliwapa zawadi ya ndege wanajeshi wa upande wa Weupe katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo. Kwenye mabawa alikuwa amechora swastika ya bluu, alama aliyoiona kuwa ya bahati njema. Jeshi la anga la Finland likaichukua kuwa alama yake hadi mwaka 1945. Chama cha Nazi kiliitwaa swastika mwaka 1920, miaka miwili baada ya zawadi ile, kwa hiyo Wafini husema kwa haki kwamba hawakuiazima kwa Hitler. Hata hivyo historia haiishii hapo. Mke wa von Rosen na mke wa kwanza wa Hermann Göring, aliyekuja kuwa mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, walikuwa ndugu wa damu, kwa hiyo mabwana hao wawili wakawa wanyumba. Von Rosen mwenyewe baadaye aliunga mkono siasa za aina hiyo nchini Sweden. Na kati ya mwaka 1941 na 1944 ndege za Finland zenye swastika ya bluu zilipigana upande mmoja na za Ujerumani zenye swastika nyeusi.

Mwanawe, Carl Gustaf von Rosen, alienda njia nyingine. Mwaka 1935 na 1936 alikuwa rubani wa ndege ya Msalaba Mwekundu nchini Ethiopia, wakati Waitaliano walipoivamia. Katika vita vya majira ya baridi vya 1939 na 1940 aliruka upande wa Finland, chini ya alama ileile aliyoileta baba yake. Baada ya vita kuu alirudi Ethiopia kusaidia kulijenga jeshi la anga. Mwaka 1969 aliongoza vindege vidogo vilivyoshambulia viwanja vya ndege vya Nigeria kwa niaba ya Biafra, ile Biafra ambayo Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua mwezi Aprili 1968. Alifariki Ethiopia mwaka 1977, katika vita vya Ogaden.

Karatasi ya stika itasemaje yote hayo? Haiwezi. Stika moja ya swastika ya bluu inaweza kumaanisha bahati, uhuru wa taifa dogo, ushirika na uovu, au yote kwa pamoja. Na kwa Mhindu wa Mombasa au wa Kisutu, Dar es Salaam, anayeichora kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la hesabu wakati wa Diwali, haihusiani na lolote kati ya hayo. Ni ishara ya heri aliyorithi kwa mababu waliotangulia kabla ya Hitler kwa karne nyingi. Alama haizungumzi yenyewe. Huzungumzwa na watu, na watu wakinyamaza, atakayeizungumzia ni mwenye nia mbaya. Wapo wanunuzi wa stika hizi ambao hamu yao si historia hata kidogo, nao hujificha nyuma ya wale wenye hamu ya kweli. Tofauti kati yao na Mzee haikuwa kwenye stika, kwa kuwa walinunua karatasi ileile. Ilikuwa kwenye kadi aliyoiandika.

Hoja yangu ni kwamba kubandika bila kueleza na kubandua bila kueleza ni kosa moja lenye sura mbili. Yote mawili yanamwacha mtazamaji bila maarifa.

Naomba sasa nirudi Hamburg, kwa sababu stahi yangu kwa Mzee haikunizuia kumuuliza swali lililokuwa likinikera. Mbele ya chuo kikuu cha mji ule palisimama kwa miaka mingi sanamu ya Hermann von Wissmann. Sanamu hiyo ilisimamishwa kwanza Dar es Salaam, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ilimwonyesha Wissmann akiwa juu, na chini yake askari Mwafrika akimtazama, huku akimfunika simba aliyekufa kwa bendera ya Ujerumani. Waingereza walipoitwaa nchi waliing'oa wakaipeleka London. Baadaye ikarudishwa kwa Wajerumani, nao mwaka 1922 wakaisimamisha Hamburg. Wissmann ndiye aliyeongoza vikosi vilivyovunja upinzani wa pwani yetu, na Abushiri akanyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka 1889. Sanamu yake ilisimama mbele ya wasomi wa Hamburg hadi wanafunzi walipoiangusha, mara ya mwisho mwaka 1968. Katika miaka yote ya mwisho ya kusimama kwake, swastika ilikuwa tayari marufuku mitaani.

Nilimuuliza Mzee: ulimjua Wissmann? Alifikiri kidogo, akasema hapana. Alikuwa ameishi katika mji huo maisha yake yote. Mtu aliyekataa kuacha mkia mmoja mtupu hakuwa na habari kwamba nusu ya ndege nzima ilikuwa haina alama. Sheria ya nchi yake ilimfundisha kuwakumbuka waathirika fulani kwa umakini mkubwa, lakini haikumfundisha neno kuhusu Pangani, wala kuhusu Maji Maji ya 1905 hadi 1907, ambamo wanahistoria hutaja vifo vya hadi watu 300,000, wengi wao kwa njaa iliyoletwa makusudi. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea na kuomba msamaha mwezi Novemba mwaka 2023. Ilikuwa imepita zaidi ya karne moja.

Ningependa makala haya yaishie hapo, nikiwa nimesimama upande wa mwenye haki. Lakini Mzee hakuniachia. Jioni iliyofuata alinipa karatasi nyingine ya stika, ya MiG-21 za nchi mbalimbali, akaweka kidole kwenye alama za rangi nyeusi, njano na nyekundu. "Hii ni ya Uganda, Bwana Daktari," alisema. "Jirani zenu. Mlipigana nao. Ndege hizi ziliruka wapi? Zilimpiga nani?"

Sikuweza kumjibu. Nilijua yale ambayo kila Mtanzania anayajua: kwamba Idi Amin alivamia Kagera mwezi Oktoba 1978, kwamba daraja la Kyaka lilivunjwa, kwamba Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Nilijua kwamba Bukoba ilipigwa mabomu kutoka angani. Lakini ndege gani, siku gani, mtaa gani, na nani alikufa, sikujua. Nilizaliwa baada ya vita, nikasoma historia hadi chuo kikuu, na hakuna aliyewahi kuniambia. Mchapaji mdogo wa stika wa Ulaya alikuwa na hamu ya kujua rangi za ndege iliyowalipua watu wetu kuliko niliyokuwa nayo mimi kuwajua watu waliolipuliwa. Sikulala vizuri usiku ule.

Tangu hapo nimejizoeza kuangalia mikia mitupu ya nyumbani. Sanamu ya Askari pale kwenye makutano ya Mtaa wa Samora, iliyosimamishwa na Waingereza mwaka 1927, maelfu huipita kila siku. Waulize wangapi wanajua kwamba ni ukumbusho wa Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika vita ambavyo havikuwa vyao, na kwamba wapagazi walikufa kwa maelfu kwa maelfu kwa maradhi na njaa. Mtaa wenyewe uliwahi kuitwa Acacia, ukaitwa Independence, sasa unaitwa Samora. Kila jina lilibandikwa kwa sababu nzuri na kubanduliwa kwa sababu nzuri, na hakuna kibao hata kimoja kinachomweleza kijana sababu hizo. Makaburi ya mashujaa wa Vita vya Kagera yapo Kaboya, wilayani Muleba, nayo hutembelewa na viongozi siku za maadhimisho. Siku nyingine zote, mwanafunzi wa Bukoba ana nini cha kusoma?

Kwa wanaharakati ninasema hivi: mnapodai jina la mkoloni lifutwe kwenye mtaa au jengo, dai lenu ni halali, ila lisiishie kwenye kufuta. Daini pia kadi ya Mzee: kibao kinachosema jina gani lilikuwepo, nani aliliweka, na kwa nini tumeliondoa. Kufuta peke yake kutamnufaisha mkoloni, kwa sababu kutafuta na ushahidi wake.

Kwa watumishi wa umma, hasa wa halmashauri, elimu na nyaraka: kibao cha maelezo si gharama itakayovunja bajeti, na jalada la vita vilivyokwisha mwaka 1979 si siri inayoweza kuiangusha serikali. Yapo ya kijeshi yatakayobaki yamefungwa, na hilo ninalielewa. Lakini orodha ya raia waliokufa Bukoba haimtishi adui yeyote.

Kwa wanafunzi wangu: aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1978 sasa anakaribia sabini. Bibi zenu na babu zenu wa Kagera waliziona ndege zile kwa macho yao. Mnayo simu yenye kinasa sauti mfukoni. Likizo ijayo, kabla ya kuomba nauli ya kurudi chuoni, kaeni nao mchana mmoja muulize. Mkiogopa kwamba maswali yenu ni madogo mno, kumbukeni wale wanaosaka rangi ya herufi moja kwenye ubavu wa ndege. Maswali madogo ndiyo yanayoweza kujibiwa.

Karatasi ile ya stika ninayo bado, ndani ya bahasha yake, katika ofisi yangu. Utando wake umeanza kuwa wa njano, kama ilivyo kawaida ya stika zikikaa, na sidhani kama siku moja itabandikwa kwenye ndege yoyote. Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, mzaliwa wa Bukoba, aliiona mezani akaniuliza ni nini. Nilimweleza. Akasema bibi yake hukataa hadi leo kukaa nje ndege ikipita, na kwamba nyumbani wamezoea kumcheka.

Nilimwomba aende akamuulize kwa nini. Amerudi na kurasa kumi na moja.